Mbwa Hawana Magurudumu

Ijumaa, tarehe tano Desemba, Jeddah. Mvua ilianza baada ya swala ya mchana, ikanyesha kama kitu kilichokuwa kimezuiwa mwaka mzima, na kufikia saa tisa barabara ya mbele ya geti hapa Al-Nuzha ilikuwa mto wenye rangi ya chai ya maziwa.

Nilikuwa nimekuja kwa baba, kama ninavyofanya kila Ijumaa ambayo madam ninayemfanyia kazi za nyumbani hapa mjini ananiachilia. Baba ni mlinzi wa nyumba hii. Chumba chake kimepachikwa ukutani kando ya geti, na leo maji yalipita chini ya mlango yakafika hadi miguu ya kitanda, yakalowesha zulia kuukuu alilopewa na wenye nyumba. Tulilikunja, tukalitoa nje, tukaliegemeza ukutani chini ya kibaraza lichuruzike. Hapo ndipo harufu iliponipata. Kama hujawahi kunusa zulia la sufu lililolowa, ni harufu ya kondoo, ya vumbi la zamani, na ya kitu fulani kichachu kama siki. Sidhani kuna mtu mwingine anayekasirishwa na harufu ya zulia. Mimi inanikasirisha. Leo ilinikasirisha mpaka nikaingia ndani kusugua sufuria ambazo hazikuwa chafu.

Sasa nimekaa niandike kwa nini. Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha kidato cha pili, na hata kabla ya hapo kuna karibu miaka miwili ambayo sikuketi kwenye dawati lolote, nayo ndiyo ninayotaka kuisimulia. Nitajaribu kusema nilichokiona, na pale ambapo sikuona nitasema sikuona. Hasira inajua kutunga hadithi nzuri, na sitaki inishikie kalamu.

Nilikuwa na miaka kumi, au nilikuwa karibu kuifikisha. Ilikuwa ile miaka ambayo Nairobi mjini kila ngazi uliyopanda ilikupeleka kwa ofisi ya wakala wa Saudia. Wazazi wangu ni watu wa Njabini, kule Kinangop, watu wa viazi na kabichi. Wote wawili walipata kafili mmoja, yaani mwajiri wa kule anayekushikia karatasi, na majirani wakasema hiyo ni bahati ya ajabu: bosi wa Riyadh aliyetaka mtu na mke wake, mume alinde na kutunza bustani, mke apike na kusafisha. Hakuwaweka kwake mjini. Aliwaweka istiraha, yaani nyumba ya mapumziko iliyo nje ya jiji, yenye ukuta mrefu na jangwa kila upande, ambayo wenyewe huijia siku za mapumziko tu.

Mimi niliachwa kwa nyanya. Baada ya mwaka mmoja bosi akaniombea karatasi ya kuja kutembelea wazazi. Niseme ukweli hapo: hakulazimika. Sijui makafili wangapi wangejisumbua na mtoto wa mlinzi. Karatasi ile ilikuwa inaisha na kuongezwa, inaisha na kuongezwa, na kila mara ilitaka sahihi yake. Mama aliniambia mapema, siku moja akinisuka.

"Wangari, sisi hapa tuko watatu kwa sababu ya kalamu ya mtu mmoja. Siku akikasirika, kila mtu atalala kwake. Umesikia?"

Nilisikia. Kutoka siku hiyo nikawa naiogopa kalamu ya bosi kuliko nilivyowaogopa mbwa wake.

Mbwa walikuwa wawili, wa kuwindia sungura, wembamba kama waliochorwa kwa penseli, masikio yenye nywele ndefu kama za msichana. Mmoja aliitwa Barki na mwingine Sahmu. Waliishi kwenye kibanda cha mbao nyuma ya tangi la maji, mbali na nyumba. Walikula kuku wa kuchemshwa na wali. Baridi ya Riyadh ilipoanza, na hiyo ni baridi kweli, usidanganywe na jangwa, bosi aliwaletea makoti. Makoti, ninyi. Ya rangi ya buluu, yenye pamba ndani na kamba za kufunga tumboni. Baba aliwavalisha akiwa amevaa sweta ya mitumba aliyoinunua Gikomba, viwiko vimetoboka. Nilimwangalia akifunga zile kamba kwa vidole vilivyokufa ganzi na nikahisi kitu kikinipanda kifuani ambacho wakati ule sikuwa na jina lake.

Lakini haki ni haki. Wiki iliyofuata bosi alikuja na farwa yake ya zamani, lile joho zito la wanaume wa kule lenye manyoya ndani, akamtupia baba begani akasema, "Yusufu, vaa, usinifie." Baba anaitwa Joseph, lakini pale alikuwa Yusufu. Akatuletea pia hita ya umeme. Kwa hivyo siwezi kusema aliwapenda mbwa kuliko sisi. Ninachoweza kusema ni kwamba mbwa walivalishwa kwanza.

Roho ya bosi hasa ilikuwa ile bustani. Nyasi zililetwa kwa lori zikiwa zimekunjwa kama mikeka, na udongo wake ukaletwa kwa malori mengine, na maji ya kuinyeshea yalikuja kwa lori pia. Katikati ya jangwa la rangi ya biskuti kulikuwa na kipande cha kijani ambacho ukikitazama sana macho yanauma. Pembeni kulikuwa na tuta la mama yake bosi, mawaridi na rehani, lenye udongo mweusi kabisa. Mama huyo tulimwita Madam Mkubwa. Alishindwa na jina langu akaniita Warda, waridi, na kila alipokuja aliniletea biskuti za tende ndani ya mfuko wa abaya yake. Hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa na namna ya kukutazama kana kwamba unamchelewesha.

Basi siku moja ya Januari, mchana, mbingu ikawa rangi ambayo sikuwahi kuiona kule, zambarau iliyochanganyika na kijani, na upepo ukatulia ghafla. Baba alikuwa anafagia. Akasimamisha ufagio, akanusa.

"Mami," akaniita. Huniita mami kwa sababu nina jina la mama yake. "Ingia ndani. Hiyo si mvua. Hayo ni mawe."

Mtu wa Kinangop anajua. Tulikuwa hatujafika mlangoni mawe yakaanza, kwanza moja moja kama mtu anayejaribu shabaha, kisha yote kwa pamoja. Paa la chumba chetu lilikuwa la bati, na ndani hatukuweza kusikiana hata kwa kupiga kelele. Nilichungulia dirishani nikaona nyasi za bosi zikipotea. Zilipotea hivi hivi, kijani kikawa madoa, kisha hakikuwepo, kisha kila kitu kikawa cheupe kutoka ukuta hadi ukuta. Kule kwetu mawe ya namna hiyo yakianguka watoto hukimbia nje na mabeseni, na kina mama hulilia kabichi. Sisi hatukuwa na kabichi. Nilicheka. Mama pia alicheka, mkono mdomoni.

Halafu kelele zikapungua kidogo na tukawasikia mbwa.

Paa la kibanda chao lilikuwa la plastiki, na mawe yalikuwa yamelipasua. Walikuwa wanalia kama watoto. Baba hakungoja. Alichukua karai la chuma, lile la kuchanganyia saruji, akalivaa kichwani kama kofia ya askari, akakimbia. Naliona hadi leo: baba yangu mzima anakimbia juu ya kile cheupe, anateleza, karai linalia kang! kang! kang! kichwani. Aliingia kibandani, akatoka na Barki amembeba kifuani na Sahmu anamvuta kwa koti. Kuja kwetu getini ilibidi avuke uwanja wote. Lakini hatua chache kutoka kibandani kulikuwa na mlango wa majlisi.

Majlisi yenyewe ilikuwa hema kubwa la sufu, la kupokelea wageni, limetandikwa mazulia mekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Ndipo bosi alipokunywa kahawa na wageni wake. Ndipo pia Madam Mkubwa alipokuwa akiswali.

Mama alitoa kichwa mlangoni akapiga kelele zote alizokuwa nazo. "Baba Wangari! Si huko! Si huko!"

"Huku ndiko kuna mlango!" baba akajibu, akaingia nao.

Mama ndiye aliyekuwa akisafisha ndani, kwa hivyo yeye alijua. Mbwa wa kuwinda ana nafasi yake kwa watu wale, lakini nafasi hiyo iko nje. Mate yake ni najisi, na mahali alipolamba hapaswaliwi. Baba alikuwa mtu wa nje, wa geti na bomba la maji. Kwao kule Njabini mbwa akipigwa na mawe anaingizwa jikoni analala kando ya moto, na hakuna mtu anayeoga kwa sababu yake. Leo nilipomkumbusha alisema, "Mali ya mwenyewe niliiweka kwa nyumba ya mwenyewe. Ningeiweka wapi?"

Mawe yalipokoma mama alishika ndoo na kitambaa akaanza kuvuka uwanja kuwatoa. Alikuwa amefika katikati tuliposikia honi getini, akasimama hapo hapo na ndoo yake.

Bosi alikuwa amekuja, na watu wake. Mjini watu walikuwa wamesikia jangwa limekuwa jeupe, kila mwenye gari akatoka kwenda kuliona. Alikuja na Madam Mkubwa kiti cha mbele, na nyuma gari la wapwa zake, vijana wakubwa wenye ndevu za kwanza, wakivuta trela lenye zile pikipiki za magurudumu manne za kukimbizia mchangani. Baba akafungua geti akiwa bado na karai mkononi. Bosi alishuka akasimama, akaangalia ule weupe, uso wake ukafunguka kama wa mtoto mdogo. "Thalji!" akasema. "Yusufu, tazama, thalji!" Yaani theluji. Haikuwa theluji, lakini nani angemwambia?

Wale vijana hawakutazama. Walishusha pikipiki zao wakaziwasha, wakaingia nazo moja kwa moja uwanjani. Walizunguka, wakakata kona, wakafunga breki makusudi ili zizunguke zenyewe, na barafu ikaruka kama unga kwenye mashine ya posho. Bosi alitoa simu akawa anawapiga video akipaza sauti, "Yalla! Yalla!" Sikuwa na hasira wakati ule. Nilitamani kupanda. Ilipendeza, siwezi kusema haikupendeza.

Kelele iliyofuata ilitoka kwenye hema. Madam Mkubwa alikuwa ameingia kuswali alasiri.

Sahmu alikuwa amelala katikati ya zulia, koti lake la buluu linachuruzika. Barki alikuwa ameweka kichwa juu ya mto wa Madam Mkubwa, na alikuwa anaulamba taratibu, macho ameyafumba, kama mtu aliyefika nyumbani.

Bosi alipotokea hapo mlangoni, furaha yote ilikuwa imemtoka. Alimwita baba kwa sauti iliyofanya pikipiki zizimwe. Sikuelewa maneno yote, Kiarabu changu kilikuwa cha biskuti na maji, lakini nilielewa mkono wake, ulivyopunga kuelekea juu kama ndege inayoruka. "Halas, Yusufu. Safari. Kenya." Mama aliweka ndoo chini. Aliinyanyua tena. Aliiweka tena chini.

Madam Mkubwa ndiye aliyemnyamazisha. Hakumnyamazisha kwa upole, alimpigia kelele na yeye. Kisha akamgeukia baba akanyoosha vidole, saba, halafu akainama akagusa ardhi, akanyoosha kimoja. Mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Mazulia yote. Yeye mwenyewe atasimama hapo aone.

Basi baba yangu alifua mazulia ya hema zima kwa maji ya bomba, jioni ya Januari, juu ya barafu. Waliyaburuta hadi kwenye nyasi, yeye na mama, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine tambarare pa kuyatandaza. Yalikuwa mazito kama maiti. Harufu yake ndiyo ile. Mara ya kwanza, Madam Mkubwa akakunja kidole. Mara ya pili, akakunja kingine. Vidole vya baba viligeuka vyeupe kisha vyekundu, na wale vijana walikuwa wamewasha moto kando ya gari wakinywa chai, na bosi amekaa nao, ametugeuzia mgongo. Nilimchukia yule mama siku ile. Nilimchukia vizuri, kwa moyo wote. Nilitafuna biskuti yake nikaitema.

Ilipofika zamu ya udongo kukatokea jambo ambalo leo linamchekesha baba na bado halinichekeshi mimi sana. Jangwa zima lilikuwa nje ya geti. Lakini kwa mtu wa Kinangop mchanga si udongo. Udongo ni kile kitu cheusi kinachootesha viazi, na pale palikuwa na udongo wa namna hiyo mahali pamoja tu. Akachukua jembe akaenda kwenye tuta la mawaridi, akachimba, akajaza karai, akamwaga juu ya zulia. Akarudi tena. Mawaridi yalilala chali, mizizi hewani.

Madam Mkubwa alifungua mdomo. Akaufunga. Akaniita, "Warda, mwambie baba yako nchi hii yote ni udongo." Kisha akayatazama mawaridi yake kwa muda, akatikisa mkono kama anayefukuza nzi, akakunja kidole. Zamu hiyo ilihesabiwa.

Alipokunja kidole cha saba alisema "halas" moja, yaani basi, akamwangalia mwanawe, akaenda kwenye gari. Viatu vyake vilikuwa vimelowa kabisa. Alikuwa amesimama muda wote ule pale barafuni, mwanamke mzee, na gari lenye joto lilikuwa hapo karibu. Hilo sikulipima wakati ule. Nimelipima baadaye, tangu niishi kwenye nyumba za watu wale na kuona wanavyofanya. Jambo ambalo lina idadi yake lina mwisho wake. Bosi alikuwa amesema safari. Yeye akasema saba. Ukishafika saba, hakuna mtu anayeweza kusema zulia bado ni chafu, wala mtu aliyelifua. Nilidhani anamdhalilisha baba, kumbe alikuwa anamzuia asipandishwe ndege.

Jioni ile bosi hakusema safari tena. Tulilala watatu. Mama alimsugua baba mikono kwa mafuta ya kupikia, na mimi nikafikiri tumepona.

Lakini barafu huyeyuka. Kesho yake mchana tuliona kilichokuwa chini. Nimejaribu mara nyingi kugawa lawama za uwanja ule kwa haki, kama mtu anayegawa nyama, na nitajaribu tena. Mawe yalikuwa yamechana majani ya mawaridi na kutoboa nyasi hapa na pale. Mbwa walikuwa wamefukua mashimo karibu na tangi. Baba alikuwa amefukua tuta, na mazulia yaliyokaa usiku kucha yalikuwa yameacha miraba ya manjano. Hayo yote yalikuwepo, siyafichi. Lakini hayo yangepona kufikia Machi. Kilichoua uwanja ule ni magurudumu. Nyasi zilikuwa zimepasuliwa na kukunjuliwa, mitaro miwili miwili inayozunguka na kukatana, mirefu, ya kina cha mkono wangu hadi kiwiko, na mipira ya bomba la maji chini imekatwa. Hata kipofu angepapasa akajua.

Bosi alirudi wiki iliyofuata, peke yake. Alizunguka uwanja mikono nyuma. Baba alimfuata akiwa amevaa ile farwa. Mimi na mama tulisimama kibarazani.

"Yusufu," bosi akasema, bila kugeuka. "Mbwa wako wameniharibia bustani."

Wako. Wiki moja kabla walikuwa wake.

"Uliwafungulia mbwa wakaniharibia bustani. Na wewe ukamalizia na jembe."

Nilikuwa na yale maneno. Nilikuwa nayo kwa Kiarabu, yamepangwa vizuri, ya kwanza katika maisha yangu kupangika hivyo: mbwa hawana magurudumu. Nilikuwa hata nimeshavuta pumzi. Mama akanifinya juu ya kiwiko, akafinya kabisa, kucha ndani, na macho yake yako mbele kwa bosi kana kwamba mkono ule si wake. Nikamwangalia baba. Nikamngoja. Nikasema moyoni, sasa atasema, baba si mjinga, ameona, atanyoosha kidole tu kwenye ile mitaro.

"Samahani, bosi," baba akasema.

"Nyasi za pesa hizi."

"Ni kweli, bosi. Samahani."

Hapo ndipo kilipoingia kitu ambacho hakijatoka. Nilimkasirikia bosi, ndiyo. Lakini bosi nilimwona kama mtu aliyedanganyika, ambaye barafu ilimfichia nyasi asione wapwa zake wanafanya nini. Mtu wa kuelezwa tu. Niliyemkasirikia hadi meno yakauma ni baba, ambaye ukweli alikuwa nao, umechorwa ardhini kwa mistari mirefu namna ile, na akakataa kuuinua.

Kalamu haikuandika. Karatasi yangu ilipoisha bosi alisema sasa inatosha. Baba akapelekwa Jeddah kwa ndugu ya bosi, kulinda geti la nyumba hii hii ninayoandikia. Mama akapelekwa mjini Riyadh kwa Madam Mkubwa. Mimi nikarudishwa Njabini kwa nyanya, darasa la watoto ambao walinifika mabegani. Kila mtu alilala kwake, kama mama alivyosema. Mama alirudi nyumbani miaka mingi baadaye, nami nikiwa nimeshaanza kutafuta wakala wangu.

Siku baba alipoondoka istiraha aliikunja farwa akaiacha kwenye kiti. Gari lilikuwa linatoka getini. Bosi alitoka ndani akikimbia, kanzu ameishika kwa mkono mmoja, akamrushia ile farwa kupitia dirishani. Hakumtazama usoni. "Jeddah hakuna baridi, bosi," baba akasema. Bosi akasema, "Chukua, chukua, Yusufu," akarudi ndani haraka. Nilifikiri ni wema. Miaka mingine nilifikiri ni dharau. Nilikuwa naigeuza geuza nisijue niiweke wapi.

Leo, zulia likichuruzika ukutani, nilimuuliza. Sijawahi kumuuliza. Kila Ijumaa tunaongea habari za mama, za viazi, za ikama yake, kile kibali cha kuishi huku, inayokaribia kuisha, na hiyo tunaipita kama shimo la barabarani. Nilimwambia, "Baba, mbwa hawana magurudumu."

Alielewa mara moja. Hakuniuliza mbwa gani. Alicheka kidogo, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Kwa hivyo ndiyo hiyo umekuwa ukinibebea."

"Ungesema tu. Ungemwonyesha."

"Nimwonyeshe nini, mami? Wewe hukuona alikuwa anapiga video? Jioni ile, hasira zikiwa zimempoa, nikiendelea na mazulia alikuja akanishikia simu karibu na uso, akanionyesha. Anacheka. Tazama, Yusufu, tazama huyu anavyozunguka. Na nyasi zinaruka, nazo ziko kwa video. Kijani kabisa."

Niligeuza ukingo wa zulia uliokuwa unachuruzika.

"Siku ananiambia ni mbwa, ile simu ilikuwa kwa mfuko wake," baba akasema. "Alijua naijua. Mtu ambaye hajui unamwambia. Mtu anayejua, ukimwambia, unamvua nguo."

Yeye alisema hivyo kwa utulivu, kama anayeeleza jinsi ya kufunga kamba. Anaamini alifanya vizuri. Anasema angeongea, sote watatu tungepanda ndege wiki ile ile, na mama asingepata ile kazi ya Riyadh iliyonirudisha shule. Inawezekana. Sina njia ya kujua, na sitajifanya ninayo. Labda alikuwa sahihi, labda mimi bado ni yule mtoto wa kibarazani.

Lakini acheni niseme kilichonipata. Miaka yote hii hasira yangu ilikuwa ya mtoto anayetaka ukweli ujulikane. Nilidhani ukishajulikana tu, mambo yatakaa sawa, bosi atashika kichwa, ataita baba, kalamu itaandika. Kumbe ulijulikana. Ulikuwa mfukoni mwake, unang'aa, una sauti na rangi, na alisimama nao pale akatutawanya. Hakudanganyika hata dakika moja. Nyasi zilikuwa zake, angeweza kuzisamehe. Asichoweza ni kumwona kila wiki yule mtu aliyekuwa ametazama ile video. Sasa najua niiweke wapi ile farwa. Ni aibu iliyorushwa dirishani. Nimejaribu kumhurumia kwa hiyo, maana mwenye aibu angalau ana kitu ndani. Nimejaribu kweli. Nimeshindwa. Naona afadhali ningeendelea kumfikiria mjinga.

Na baba sijui nimfanyeje. Siwezi tena kumkasirikia kama zamani, na sijapata kitu cha kuweka mahali pale.

Mvua imekoma saa kumi na mbili. Zulia bado linachuruzika. Jioni tumekula ugali wa unga wa mahindi ninaoununua soko la Ghulail, na mlokhia, mboga yao ya kuteleza kama mlenda, niliyoikaanga kwa vitunguu vingi kama sukuma, na vipande viwili vya kuku. Baba alisema chumvi imezidi. Nilionja tena, polepole, nisije nikamdhulumu. Haikuwa imezidi, nikamwambia.